Nani Mwenye Ufunguo? Uongozi Miongoni mwa Watumishi wa Maktaba



Kila mmoja wetu humu ndani analijua kabati lile. Limo ofisini kwa mkuu wa shule, au nyuma ya meza ya mkutubi, mara nyingi la chuma, la kijivu, na kufuli lake ndicho kitu kipya kuliko vyote chumbani. Ndani mna vitabu vilivyoletwa na mradi, au na mheshimiwa mbunge, au na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo. Vilipigiwa makofi, vikapigwa picha, vikafungiwa. Ukiuliza unaambiwa havijaingizwa kwenye leja. Ukirudi mwaka unaofuata leja imeshajazwa na vitabu bado vimo kabatini. Sasa sababu ni kwamba vikitoka vitapotea, vikipotea mkaguzi atauliza, na mkaguzi akiuliza, aliyesaini kuvipokea ndiye atakayejibu.

Simlaumu mwenye ufunguo. Amepiga hesabu zake sawasawa. Kitabu kilichofungiwa hakimletei mtumishi hoja ya ukaguzi hata siku moja. Kitabu kilichosomwa hadi jalada likang'oka, kikazunguka vijiji vitatu na kisirudi, hicho ndicho kinachomletea barua ya kujieleza. Mtu wa namna hiyo ukimpeleka semina ya siku tatu, akafundishwa aina za viongozi na tofauti ya maono na dhima, umempa posho na cheti. Jumatatu atarudi kwenye kabati lilelile akiwa na hofu ileile.

Nilipoombwa kuzungumzia namna ya kuwajengea watumishi wa maktaba stadi za uongozi, nadhani ilitarajiwa nitataja mada za kufundisha. Nitazigusa. Lakini ninaloliamini ni kwamba mtumishi wa maktaba huanza kuwa kiongozi siku anapopewa jambo la kuamua, akaliamua, na mkubwa wake akasimama naye matokeo yakija. Bila hilo mafunzo hayana pa kushika.

Na Sikonge ni mahali pazuri pa kulisema hilo, maana ukubwa wa wilaya hii haumruhusu mtu kujidanganya. Tuna zaidi ya kilometa za mraba 27,000. Rwanda nzima haifiki hapo. Sehemu kubwa ni misitu ya hifadhi, na vijiji vimekaa mbalimbali kati ya miombo. Barabara ya lami inayotoka Tabora kwenda Mpanda kupitia Ipole na Koga imetupunguzia adha, lakini mwalimu aliye Kitunda au Kiwere akipatwa na swali la kimaktaba, wa kumuuliza hayuko karibu. Mkutubi wa mkoa yuko Tabora. Makao makuu ya Bodi ya Huduma za Maktaba yako Dar es Salaam. Maelekezo yakifika, msomaji ameshaondoka. Kwa hiyo mwalimu yule ni kiongozi wa maktaba yake tangu siku aliyokabidhiwa ufunguo. Kilichobaki ni sisi tulio juu yake kukubali.

Chukueni mfano wa mrina asali. Yuko mezani, ameshika kitabu cha ufugaji nyuki kinachoeleza mizinga ya kisasa, naye amezoea mizinga ya magogo na ya magome kama babu yake. Anataka kwenda nacho porini. Kanuni iliyobandikwa ukutani inasema wiki mbili. Kambi yake haimrudishi mjini kwa wiki mbili, kila mtu hapa anafahamu. Mhudumu aliye mezani ana njia tatu. Amnyime. Ampe kwa wiki mbili akijua atachelewa na kutozwa faini, kisha mrina asali asionekane tena maktaba. Au aandike kwenye daftari kwamba huyu amepewa muda mrefu kwa sababu ya kazi yake, asaini, aendelee na mwingine. Njia ya tatu ndiyo sahihi, na ndiyo inayohitaji mtu anayejua kwamba kesho hatafokewa. Ukutubi hauwezi kumpa uhakika huo. Uhakika huo unatoka kwa mkuu wake wa kazi.

Naomba sasa mnivumilie kwa hadithi ya barabara hii tunayokaa, kwa sababu sijaona somo bora la uongozi wa watunza kumbukumbu kuliko lililopita hapa jirani miaka zaidi ya 150 iliyopita.

Mnajua Kwihara, nje kidogo ya Tabora, na tembe alilokaa Livingstone, mpelelezi kutoka Uskoti. Mnajua pia kwamba mwaka 1871 mtemi Mirambo aliifunga njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji, na Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone, akalazimika kuzunguka kusini kupitia Ugunda, yaani upande wetu huu. Watalii huambiwa habari hizo. Nataka tuwaangalie wapagazi. Agosti 1872 kundi la watu lililotumwa na Stanley kutoka pwani lilifika Kwihara kujiunga na Livingstone. Miongoni mwao alikuwamo kijana mmoja, Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani akasomeshwa katika shule ya misheni ya Nasik, India. Alikuwa mgeni katika msafara. Wakubwa wa msafara kwa uzoefu walikuwa Abdullah Susi na James Chuma, ambao walikuwa na Livingstone kwa miaka mingi. Wainwright alikuwa na kitu kimoja cha kuwazidi: alikuwa ameshika kalamu barabara.

Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone akafa kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Hebu fikirini hali waliyobaki nayo wale watu kama 60. Mwajiri amekufa. Mishahara haina mlipaji. Wamebaki na masanduku ya mali, vyombo vya vipimo, na madaftari ambayo wengi wao hawakuweza kuyasoma. Pwani iko mbali, na wakifika bila maelezo wanaweza kushukiwa kwamba wamemuua au wamemwibia. Hapakuwa na mtu wa kuwatumia maelekezo.

Walichofanya asubuhi iliyofuata, kila mkutubi angepaswa kukijua kwa moyo. Susi na Chuma waliwaita wote. Masanduku yakafunguliwa mbele ya watu wote, kitu kimoja kimoja kikatolewa, na Wainwright akaorodhesha. Kijana aliyekuwa hajatimiza hata mwaka katika msafara ndiye aliyeandika, kwa sababu ndiye aliyeweza, na wakubwa wake hawakuona haya kumwachia kalamu. Halafu wakakubaliana kuubeba mwili na vitu vyote hadi pwani. Moyo ukazikwa pale, Wainwright akasoma ibada na kuchonga maandishi kwenye mti. Mwili ukakaushwa kwa chumvi na jua, ukafungwa ndani ya gome la mti na turubai, safari ikaanza.

Oktoba mwaka huo wakafika kwetu. Chuma alitangulia Kwihara na barua iliyoandikwa na Wainwright, akamkuta huko Verney Lovett Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alikuwa na cheo, na kwa macho ya ulimwengu wa wakati ule yeye ndiye angepaswa kuamua. Akawashauri wazike mwili hapahapa Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora. Wakakataa. Cameron akachukua baadhi ya vyombo vya vipimo kwa ajili ya safari yake mwenyewe. Hilo hawakuweza kulizuia. Mwili na maandishi havikubaki.

Mwendo mfupi mashariki ya Tabora, huko Kasekera, wenyeji walipinga maiti kupitishwa nchini mwao. Msafara ukatengeneza mzigo wa bandia, ukatuma watu warudi nao kuelekea Unyanyembe kana kwamba wanakwenda kuuzika, na mwili halisi ukafungwa upya uonekane kama robota la nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Aprili 18 mwaka huohuo mwili ukazikwa Westminster Abbey, na Wainwright alikuwapo. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, wakakaa na Horace Waller kumsaidia kuyaelewa madaftari yale, ambayo aliyachapisha mwaka huohuo.

Wako watakaosema hadithi hii tumeshachoka nayo, ya mzungu aliyebebwa. Mimi pia nimeichoka kwa namna ile inavyosimuliwa, ya uaminifu wa watumishi kwa bwana wao, kana kwamba wale watu walikuwa wakitii. Tangu Chitambo hawakuwa na wa kumtii. Waliitisha kikao, wakahesabu mali hadharani, wakaandika, wakagawana kazi kwa uwezo na si kwa ukongwe, na walipokutana na mkubwa asiyehusika na jambo lao wakamwambia hapana kwa adabu, wakaenda zao. Mtu akiandika mtaala wa uongozi kwa watumishi wa maktaba akaacha moja kati ya hayo, amekosea vibaya.

Wainwright mwenyewe hakurudi kuwa mtu mkubwa. Alifanya kazi na wamisionari, na akafia Urambo, mkoa huuhuu wetu, mwaka 1892. Kituo kile cha Urambo kilichukuliwa na Wamoravian mwaka 1898, na kutoka hapo wakasambaa hadi Kitunda, Sikonge na Ipole miaka ya mwanzo ya 1900. Shajara aliyoandika ya msafara ule imehifadhiwa Blantyre, Uskoti. Ningependa siku moja mtoto wa sekondari ya Sikonge aweze kuisoma kwa Kiswahili, lakini hilo ni jambo la mhadhara mwingine.

Nisije nikawapambia misafara. Barabara hii ilipitisha pembe na watu waliofungwa minyororo, na viboko vilikuwapo. Lakini katika misafara ya wapagazi wa kulipwa, Wanyamwezi kwanza kabisa, mamlaka yalikuwa na sura ambayo ofisi zetu zimeisahau. Kirangozi aliyetangulia na bendera alikuwa mpagazi mwenzao, aliyejua njia na maji. Mpelelezi Mwingereza Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora, mwaka 1857 na ambaye hakuwa mpole wa kusifu mtu, anaeleza kwamba mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi alichomolewa mshale kwenye podo lake, akaukomboa mwisho wa mwendo. Heshima hiyo kirangozi aliipata kwa kuijua njia, wala hakuwa na mali. Tajiri wa msafara alikuja nyuma.

Tuje kwenye taaluma yenyewe. Hatukuanza vibaya. East African Literature Bureau iliyoundwa mwaka 1948 ilikuwa ikipeleka vitabu kwa masanduku na kwa posta. Mwaka 1960 Sydney Hockey akatoa taarifa iliyopendekeza kila nchi ya Afrika Mashariki iwe na bodi yake ya maktaba. Sheria yetu ikapitishwa mwaka 1963, kazi ikaanza chini ya Max Broome, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa Tabora School, na miaka michache kabla alikuwa ameshaitoa kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilikuwa imefunguliwa Makerere mwaka 1963. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Ezekiel Kaungamno alikuwa ameshika ukurugenzi wa Bodi, Mtanzania wa kwanza, na mwaka 1979 yeye na Charles Ilomo wakatoa vitabu viwili kuhusu maktaba na ujenzi wa taifa.

Hesabuni hiyo miaka. Kutoka sheria hadi mkurugenzi mwenyeji haikufika kumi. Kizazi kile kilipewa kazi kubwa kuliko umri wake kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuifanya. Leo tuna chuo cha ukutubi Bagamoyo tangu 1989, tuna shahada Dar es Salaam, tuna Chuo cha Utumishi wa Umma hapo Tabora kinachofundisha utunzaji wa kumbukumbu, na bado utamkuta mtu mwenye stashahada na uzoefu mrefu anaomba kibali cha kuhamisha rafu kutoka ukuta wa mashariki kwenda wa magharibi.

Kuna sura nyingine ya historia hiyo ambayo huwa tunaipitia haraka, nayo ndiyo inayoihusu Sikonge. Ni maktaba za vijiji. Baada ya mwaka 1970, mwaka wa elimu ya watu wazima, Wizara ya Elimu ilisambaza maktaba ndogo vijijini ili waliojifunza kusoma wasisahau. Redio ikaendesha Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, gazeti la Elimu Haina Mwisho likafika mashambani, na katika kila maktaba akawekwa mtu wa kutunza vitabu kwa ujira mdogo. Wazee wetu wengine hapa wanayakumbuka hayo makabati ya mbao. Uchumi ulipoyumba miaka ya 1980, ujira ukakatika, magazeti yakaacha kuja, na maktaba zikafa.

Maelezo ya kawaida ni kwamba fedha zilikwisha. Ni kweli zilikwisha. Kwa maoni yangu kulikuwa na jambo jingine. Yule mtu wa kijijini alifundishwa kutunza. Alifundishwa kuandika nani amechukua na lini amerudisha. Hakufundishwa kuitisha kikao cha wasomaji, wala kusimama mbele ya serikali ya kijiji kuomba sehemu ya ushuru, wala kubadilisha gazeti lisilokuja kwa kitu kingine kinachopatikana. Hata kama angekuwa na akili ya kufanya hivyo, na wengi walikuwa nayo, hakuna aliyemwambia kwamba ana ruhusa. Ilipokatika kamba ya juu akabaki na ufunguo mkononi.

Wenzetu wamejaribu njia nyingine. Uganda, kijijini Kitengesa karibu na Masaka, kuna maktaba ya jamii iliyoanza mwaka 1999. Wanafunzi wa sekondari hufanya kazi pale, na maktaba huwalipia ada ya shule. Kijana wa miaka kumi na saba anaazimisha vitabu kwa wazee wa kijiji chake. Fikirini anajifunza nini hapo kuhusu kuzungumza na mtu mzima bila woga na bila jeuri. Kenya, Garissa, mwaka 1996 walipoona gari haliwezi kuwafikia wafugaji wakapakia vitabu kwenye ngamia, na wazo la namna hiyo haliwezi kutoka kwa mtu asiyejua njia za malisho. Chama cha maktaba cha Afrika, AfLIA, chenye makao Accra, kina mafunzo ya uongozi ambayo mshiriki huja na tatizo halisi la mji wake na kulifanyia kazi akiwa na mshauri pembeni. Hilo la mwisho nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba semina si haramu. Semina inayodai kazi kutoka kwa mtu ina faida. Ile inayodai saini ya mahudhurio tu tuiache.

Sasa tufanye nini hapa? Kwanza tuandike, karatasi moja, mambo ambayo aliye mezani anaamua bila kuuliza. Kuongeza muda wa kuazima. Kusamehe faini. Kumpokea msomaji asiye na kitambulisho kama kuna mtu wa kumdhamini. Kubadilisha saa za kufungua kwa msimu: Novemba mvua zikianza na miche ya tumbaku ikihamishiwa shamba, mkulima haonekani hadi usiku, kisha mabani ya kukaushia tumbaku yanawashwa na watu wanakesha, kiangazi ndipo mtu anapata jioni ya kusoma. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba, na watoto hao wanahitaji chumba chenye taa. Maktaba inayofungwa saa tisa na nusu alasiri mwaka mzima imepangwa na mtu asiyeishi Sikonge. Karatasi hiyo isainiwe na mkuu wa maktaba, ibandikwe upande wa ndani wa meza. Mkuu akisikia uamuzi uliokosewa, amwite mhusika chemba. Akiutengua mbele ya msomaji, karatasi haina kazi tena.

Pili, kupotea kwa vitabu. Lazima kuwe na kiwango kinachokubalika, kilichoandikwa na kupitishwa, ambacho chini yake hakuna anayeandikiwa barua. Mtasema mali ya umma haina kiwango cha kupotea. Stoo za serikali zina taratibu za kufuta vitu vilivyochakaa. Karatasi inayoshikwa na mikono mia mbili inachakaa kuliko kiti. Tutakapokuwa na utaratibu huo, yale makabati yatafunguka bila mtu yeyote kuhubiriwa uthubutu.

Kisha kuna suala la kukaimu. Tuna watu wanaokaimu miaka, na kaimu wetu ana jibu moja: namsubiri mwenyewe. Ikiwa mtu anakaimu, apewe kwa maandishi mamlaka ya nafasi ile, yote, na tarehe ya mwisho. La sivyo tunamfundisha kila siku kutokuamua, na atakapothibitishwa atakuwa amefuzu vizuri.

Makabidhiano nayo. Mtumishi akihamishwa, hati yake ya makabidhiano inasema viti kumi na viwili, meza tatu, kompyuta moja mbovu. Haisemi ni mwalimu mkuu gani anayekubali kukuazima pikipiki ya shule kupeleka vitabu Mole, wala ni katibu gani wa chama cha msingi cha tumbaku aliyeahidi kukupa kona ya ghala kuweka rafu. Haisemi kwamba ukienda kijiji fulani siku ya gulio hupati mtu, au unapata wote. Hayo yanaondoka na mtu kichwani, na anayekuja anaanza upya, na wanavijiji wanaona maktaba kama ofisi isiyo na kumbukumbu, jambo ambalo kwetu sisi ni aibu maalumu. Nashauri kila mtumishi, si mkuu peke yake, awe na daftari la namna hiyo, na kila robo mwaka, mtumishi mwingine alisome.

Na mkutano wa watumishi wa kila Jumatatu uongozwe kwa zamu. Wa kwanza awe mhudumu wa ngazi ya chini kabisa. Mara nyingi aliye mezani siku nzima, anayejua kitabu gani kinaulizwa na hakipo, ni dada ambaye kikao kikianza anaombwa alete chai. Akiwa mwenyekiti, chai ataleta mwingine. Nimewahi kuona katika ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, mkuu akikaa kimya kikao kizima kilichoongozwa na mhudumu, kisha mwishoni akasimama na kufuta maazimio yote. Ofisi ile ilirudi nyuma kuliko ilivyokuwa kabla ya zamu kuanza, kwa hiyo anayejijua hataweza kuvumilia asianze.

Stadi za kufundishwa darasani zipo, nazo ni chache. Kuandika dokezo la ukurasa mmoja lenye ombi moja. Kuzungumza mbele ya watu dakika tano bila kusoma. Kusoma jedwali la bajeti. Kuweka takwimu za wasomaji kwa namna ambayo diwani ataelewa, yaani kwa kata yake. Mtu akizipata hizo nne kwa mazoezi halisi, ya ziada atayasoma mwenyewe, yuko maktaba.

Kuhusu bajeti, kalenda ndiyo mwalimu. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, Bunge la Bajeti linaanza Aprili, na kabla ya hapo Baraza la Madiwani limeshapitisha la kwake. Maombi ya maktaba yakifika Machi yamefika kwenye mazishi. Lazima yawe mezani kwa mkurugenzi mtendaji mwongozo wa bajeti unapotoka, na kabla ya hapo yawe yamezungumzwa katani.

Kwa hiyo napendekeza, kwa msimu ujao, dokezo kuhusu kiwango cha upotevu wa vitabu na kuhusu rafu za ghalani lisiandikwe na mkutubi. Liandikwe na mhudumu wa mezani akishirikiana na mwalimu mmoja wa maktaba kutoka kata za kusini. Mkutubi alisahihishe kwa penseli, si kwa wino. Kamati ya madiwani itakapokaa, waingie wote watatu, na dokezo liwasilishwe na aliyeliandika. Madiwani watauliza maswali, mengine makali. Mkutubi akae pembeni yake, awe na takwimu tayari, na asimjibie.